Kioo Kilichokohoa

Fundi alipokitoa kile kioo cha mashine ya gemu kwenye boksi, kilikuwa na joto. Si joto la jua, maana boksi lilikuwa kivulini tangu asubuhi. Lilikuwa joto la kitu kilichotoka kukumbatiwa. Akakigusa tena kwa nyuma ya kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Shemeji, hiki ulikijaribu?"

"Nikijaribu mimi? Hata kukibeba nilibebewa," alijibu mke wa kaka yake, mwenye ukumbi, ambaye wateja walimwita Mama Gemu. "Kimetoka kwa muuza mitumba. Kwani vipi?"

"Hamna kitu."

Kitu kilikuwepo, na si kwenye kioo tu. Tangu kaka mtu atoke nyumbani, miezi mingi sasa, bila kuaga wala kupiga simu, hawa wawili walikuwa wakisemeshana kwa adabu iliyopita kiasi. Kaka aliacha watoto na ukumbi huu wa mashine za gemu, na mashine iliyowaita wateja, ile kubwa ya mbio za magari, kioo chake kilikuwa kimekufa. Bila hiyo, watoto wangekula nini? Ndiyo maana fundi alikuja, ingawa moyoni alikuwa na lake.

Alifungua mashine kwa nyuma, akalegeza skrubu, akakitoa kioo kibovu. Kabla ya kukipachika kingine, alichukua bisibisi iliyofungwa waya, akaipenyeza chini ya kifuniko cha mpira mgongoni mwa kioo, ili autoe umeme unaoweza kubaki humo hata kama plagi imechomolewa. Kwa kawaida hulia tap, au husikii kitu kabisa. Hiki kilikohoa.

Kikohozi kifupi cha mwanamume, kama cha mtu anayetaka ijulikane kwamba yumo ndani.

Fundi akajiambia ni masikio yake. Akakiinua kioo, akakiingiza, nacho kikakaa barabara bila hata kusukumwa. Alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya mashine, akikaza skrubu za chini, aliposikia sauti ya shemeji yake mlangoni, ya chinichini, ya mtu anayeongea na simu.

"Bado yupo. Hajui kitu. Nilimwambia kwamba kaka yake kaondoka mwenyewe, akameza."

Fundi alichomoa kichwa upesi hadi akajigonga. Ukumbi ulikuwa mtupu. Baada ya kitambo mlango ukafunguliwa, na Mama Gemu akaingia na chupa ya maji, uso ameukaza.

"Mbona ulinizuia nisiingie?"

"Mimi? Nimekuzuia saa ngapi?"

"Sauti yako naijua, shemeji."

Mama Gemu alibaki kule mlangoni, na fundi akarudi kazini, sikio moja likiwa nyuma. Zilibaki nyaya za shingo ya kioo, ile sehemu nyembamba ya nyuma. Hapo ndipo harufu ilipoanza, harufu ya jasho la kaka yake lililochanganyika na mafuta ya nywele aliyokuwa akipaka, harufu ya shati lililovuliwa sasa hivi, na ikazidi kuwa nzito kadiri alivyosogeza mkono, na sauti ya shemeji ikamnong'oneza karibu kabisa na shingo, "Plagi nimeichomoa, shika tu," na vidole vyake vilikuwa vimebakiza upana wa ukucha kuufikia waya alipomwona, kwenye kioo cheusi cha mashine ya jirani, Mama Gemu yuko kulekule mlangoni, chupa iko mdomoni, anakunywa maji, na chini ukutani, plagi ambayo yeye fundi hakuichomeka, imechomekwa.

"Unataka kuniua!" alifoka.

"Nani? Si wewe uliyesema sasa hivi..." Mama Gemu alijikata. "Umesema mume wangu yuko kwako."

Fundi aliivuta plagi. Waya ukaanguka sakafuni. Kioo kikawaka hivyohivyo, mwanga wa rangi ya maziwa yaliyochacha, kikakohoa. Hawakuulizana nani atangulie; walitokea mlangoni pamoja, mabega yakibanana.

Waliporudi walikuwa na mganga wa mtaa wa pili, mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, aliyekuwa na mafua makali. Alichukua kigoda, akakaa mbele ya kioo, akapenga.

"Leo pua imeziba. Niambieni nyie, kunanukaje?"

"Jasho la kaka," alisema fundi.

"Manukato ya mwanamke," alisema Mama Gemu papo hapo. "Si yangu."

Mganga akatikisa kichwa. "Basi ni huyo pepo aliyemo humu. Humpa kila mtu kile ambacho tayari anakiamini, na kula yake ni hiyo. Semeni mlichoficha. Semeni mkitazamana."

Mwanga wa kioo ukaongezeka, na ndani yake kitu kama bega kikageuka, kikisikiliza.

"Nilidhani umemdhuru kaka yangu," fundi alisema mwishowe, machozi yakimtoka. "Nilikuja kutengeneza mashine ili nikuchunguze."

"Na mimi nilidhani umemficha," Mama Gemu alinong'ona. "Kwamba kaoa, na ukoo mzima mnajua."

Mwanga ulijikunyata ukawa nukta, nukta ikazimika. Mganga akaweka kiganja kwenye kioo. "Kimepoa. Ondoeni." Fundi alipokitoa kwenye mashine, mganga akakifunga kwenye blanketi, akaondoka nacho kwenye mkokoteni, akipiga chafya njia nzima.

Fundi alitafuta kioo kingine kwa mtu anayemfahamu, na siku ukumbi ulipofunguliwa vijana walijaa, wakisukumana kushika usukani. Fundi alikuwa akicheka nao simu yake ilipoita. Namba ngeni.

"Mdogo wangu," ilisema sauti ya kaka yake, taratibu, kwa upendo. "Niko njiani narudi. Usimwambie mke wangu."

Ikakatika. Fundi alinyanyua macho juu ya vichwa vya vijana, akimtafuta shemeji yake. Mama Gemu alikuwa kaunta, amewapa watu mgongo, simu sikioni, akisikiliza bila kujibu. Akaishusha. Akageuka.

"Nani huyo, shemeji?" fundi aliuliza.

"Wamekosea namba. Na wewe?"

"Mteja tu," alisema fundi, akainama kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.