Kamera Iliyoona Kabari

Hapa kwetu Busan, Korea Kusini, mtaa wa mlimani, magari ni mengi kuliko nafasi za kuyaegesha. Jengo letu, namba 103, ni la zamani. Ukichelewa kurudi, unaegesha gari lako mbele ya gari la mwenzio. Unaliacha bila gia na bila breki ya mkono. Asubuhi mwenzio akitaka kutoka, analisukuma kando, kisha anaenda zake. Wala haangalii ni gari la nani. Bibi wa miaka sabini atasukuma gari la mtu huku mkoba uko begani. Ndivyo tunavyoishi.

Mlinzi wa jengo letu ni Bang Deok-su. Uwanja wetu una mteremko mdogo ambao jicho halioni. Kwa hiyo Deok-su alichonga kabari za mbao, akazipaka rangi ya njano. Kila gari lililoachwa bila breki, yeye hulitia kabari chini ya gurudumu.

Mkewe ni Ok Mi-ran. Anapika vitoweo na kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na kuwapelekea wateja kwa gari lake dogo la mizigo. Saa kumi na mbili na robo asubuhi huwa ameshatoka. Ni mama mwenye mikono myepesi, na mdomo mwepesi zaidi.

Jumanne moja, saa moja kasorobo asubuhi, gari la kijivu liliteremka lenyewe. Ndani hamkuwa na mtu. Bibi Go, mkazi mwenzetu anayeokota maboksi ya kuuza, alikuwa akiyapanga penye taka. Aliruka kando, akaanguka, akavunjika mkono.

"Mzee Bang hakuweka kabari," watu walisema.

"Niliweka," alijibu Deok-su. "Niliweka kwa mkono huu."

"Mbona iko kule?"

Kabari ilikuwa imelala katikati ya uwanja, hatua sita kutoka pale gari lilipokuwa. Kamera ya jengo huangalia lango tu. Hakuna aliyeona lolote.

Mkataba wa Deok-su ni wa miezi mitatu mitatu. Bwana Pyo, mwenyekiti wa wakazi, aliitisha kikao Jumatano saa kumi na mbili jioni. Sote tulijua kikao ni cha nini. Mlinzi wa miaka sitini na tatu akiachishwa kazi, nani atamwajiri tena?

Jumanne ile nzima Deok-su hakukaa. Alihesabu kabari zake. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alikwenda hadi kwenye taka, akarudi, akaenda tena. Mi-ran aliporudi alisimama dirishani ghorofa ya pili, akapaza sauti ili jengo zima lisikie.

"Aliyetoa kabari ana mkono wa balaa! Na yumo humu humu, anakula na kushiba! Nikimjua, nitamlisha kimchi ya pilipili tupu mpaka aseme!"

"Mama Hyeon-ju, punguza sauti," Deok-su alimwambia kutoka chini. "Watu wanasikia."

"Wasikie! Kwani nimeimba?"

Jumatano saa tisa alasiri, Mi-ran alikuwa barabarani na vitoweo vya watu. Simu ikalia. Alikuwa Ma Seon-hwa, jirani yake wa ghorofa ya nne. Seon-hwa ni fundi wa kufunga kamera katika magari na mabasi.

"Dada, uko wapi?"

"Njiani. Nina vyombo kumi na vinne havijafika. Ongea haraka."

"Gari lako lililala uwanjani Jumatatu?"

"Lilale wapi tena, kitandani?"

"Kamera niliyokufungia garini hurekodi kitu kikisogea, hata gari likiwa limezimwa. Basi huenda iliona yote. Dada, simama! Zima gari, uchomoe waya wa kamera sasa hivi!"

"Kama iliona, haraka ya nini? Tutaangalia jioni."

"Jioni hakutakuwa na kitu! Kamera haina ghala. Ina kadi ndogo, na kadi ikijaa, picha mpya zinafuta zile za zamani. Kila dakika unayoendesha, unafuta dakika moja ya jana!"

Tangu jana Mi-ran alikuwa ameendesha muda mrefu. Aliegesha mbele ya duka la samaki, akachomoa waya.

Kumsubiri Seon-hwa kulikuwa mateso. Mi-ran alilizunguka gari lake. Alifuta kioo mara tatu. Wateja walipiga simu wakiuliza vitoweo vyao viko wapi. Alimjibu mmoja kwa ukali, kisha akampigia tena kumwomba radhi. Saa kumi kasorobo ndipo teksi ilipomshusha Seon-hwa.

"Tunatoa kadi?" Mi-ran aliuliza.

"Hatuigusi. Kadi nyingine huharibika ukizitoa vibaya. Kamera hii ina mtandao wake mdogo. Simu inaunganishwa nao, kama unavyounganisha na mtandao wa nyumbani. Kisha picha zinakuja zenyewe kwenye simu. Nilikuonyesha siku ile nilipoifunga."

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia, 'Mimi mpishi, si fundi.'"

Seon-hwa alirudisha waya. Mara moja, kwa kutumia simu, aliiamuru kamera isimamishe kurekodi. Akatazama orodha ya picha.

"Ya kwanza kabisa ni Jumanne saa kumi na mbili kasoro tano. Tuna bahati. Ungezunguka mitaa michache zaidi, ingekwisha."

Wakatazama pamoja. Gari la kijivu lilionekana limeziba njia. Deok-su alikuja, akainama, akaweka kabari. Aliipiga teke mara mbili kuhakikisha imebana.

"Unaona!" Mi-ran alipiga makofi. "Unaona mume wangu! Sasa mlete huyo mwenye mkono wa balaa!"

Saa kumi na mbili na dakika kumi, mtu mwenye aproni alitokea. Alisukuma kabari kando kwa mguu bila kuitazama. Alilisukuma gari la kijivu mpaka likampisha, likasimama kana kwamba limetulia. Alikung'uta mikono. Kisha akageuka, akaja moja kwa moja kuelekea kamera.

Alikuwa Mi-ran mwenyewe.

Picha iliendelea. Ilisogea pamoja na gari lake lililotoka taratibu. Kabari ya njano ilibaki chini, peke yake.

Mi-ran alikuwa amefanya hivyo kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Mguu wake ulijua kazi kuliko kichwa chake. Siku nyingine huirudisha kabari. Siku ile alikuwa na haraka.

"Seon-hwa," alisema baadaye, kwa sauti ndogo ambayo hatujawahi kuisikia kwake. "Nikiwasha gari nikaendelea na safari, hii inafutika lini?"

"Kabla ya kikao."

Mi-ran alitazama vyombo vyake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akamfikiria Deok-su, anavyofagia uwanja safi.

"Ihifadhi," alisema. "Mara mbili. Ili nikiingiwa na woga, nisiweze."

Seon-hwa aliilinda picha hiyo isifutike kwenye kamera, kisha akaweka nakala kwenye simu zote mbili.

"Tuitume kwenye kundi la wakazi?" Mi-ran aliuliza.

"Hapana, dada. Humu kuna nyuso za watu na namba za magari yao. Tutaionyesha kwa wanaohusika tu."

Kikaoni, Mi-ran alisimama kabla Bwana Pyo hajafungua karatasi zake. Aliwaonyesha picha kwenye televisheni ya chumba cha mikutano. Deok-su alipoona mtu wa aproni, aliinamisha kichwa.

"Mume wangu aliweka," Mi-ran alisema. "Mimi nilitoa, na sikurudisha. Bibi Go, nisamehe. Nimekuumiza."

Bibi Go alikohoa. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta.

"Ile kimchi ya pilipili tupu," alisema. "Unaanza kujilisha lini? Nataka nitazame."

Hata Bwana Pyo alicheka. Lakini hawakumwachia hivi hivi. Bima ya Mi-ran ilishughulikia matibabu, na yeye alipanga maboksi ya Bibi Go mpaka plasta ikatolewa. Mkataba wa Deok-su ulitiwa saini palepale.

Walipokuwa wakipanda ngazi, Deok-su alisema, "Ungeweza kuendelea kuendesha."

"Ningeweza."

Deok-su alimbebea mkoba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Hyeon-ju alipokuwa mtoto.

Jumamosi Seon-hwa alikuja na vifaa vyake. Alibadilisha kadi ndogo kwa kubwa. Alibadilisha neno la siri la kamera, kwa sababu lile la kiwandani linajulikana na kila mtu. Kisha akaitia kamera laini ya simu, yake yenyewe.

"Sasa hata gari likiwa mbali, kamera ipo mtandaoni," aliwaeleza. "Ikiona kitu kinasogea karibu, inapeleka picha kwenye simu zenu. Hamtakimbizana tena na kadi. Lakini mara moja kwa mwezi iangalieni kama bado inarekodi. Kamera iliyokufa hufanana na iliyo hai."

Jumatatu asubuhi Mi-ran alishuka na aproni yake. Gari jeupe lilikuwa limemziba. Alitoa kabari, akalisukuma gari, akakung'uta mikono. Alikuwa ameshashika mlango wa gari lake aliposimama. Alirudi, akainama, akaweka kabari chini ya gurudumu.

Simu yake ikalia. Alikuwa Deok-su, kutoka kwenye kibanda chake cha lango.

"Kushoto kidogo. Haijabana."

"Ala! Umegeuka kamera sasa?"

"Ipige teke mara mbili, Mama Hyeon-ju. Nakuona."

Mi-ran aliipiga teke mara mbili, kisha akaitazama kamera, mkono kiunoni.

"Imebana?"

"Imebana. Nenda kazini."