Filta Haipimwi kwa Pumzi

Kila asubuhi mama wa mashine alifungua banda, akawasha injini ya kusagia nafaka, akangoja wateja. Tangu mumewe afariki, hao ndio watu pekee aliozungumza nao. Wakishapata unga wao, waliondoka.

Wiki hiyo injini ilianza kugonga. Fundi aliifungua, akakuna kichwa.

"Beringi zinazobeba mhimili zimelika, mama. Nimeweka nyingine. Hizi nazo zikilika, injini utaiuza chuma chakavu."

Mama aliwaza. Bila injini, nani angebisha hodi kwake?

Jioni aliitoa filta inayochuja oili ya injini, akaiosha kwa petroli, akaiweka mdomoni, akapuliza.

"Shemeji, leo tarumbeta?" Jirani yake alichungulia juu ya ua. Alikuwa mzee mstaafu aliyeishi peke yake. Zamani alifanya kazi ya kupima filta kiwandani.

"Naipima. Hewa ikipita, ni nzima. Ndivyo alivyofanya marehemu."

Jirani aliacha kucheka. "Hewa hupita hata karatasi ya ndani ikiwa imetoboka. Hapo uchafu nao hupita, unakwenda kusaga beringi."

"Nyinyi mlipimaje?"

"Tulizungusha oili ya moto ndani ya filta, tukiitia vumbi kwa kipimo. Chombo kimoja kilihesabu chembe zinazoingia, kingine zinazotoka. Filta nzuri huzinasa karibu zote. Tulipima pia msukumo wa oili kabla na baada ya filta. Tofauti ikizidi, filta imejaa, kazi yake imekwisha. Kuiosha hakuirudishi upya. Karatasi hulegea na kuchanika."

"Sasa mimi nitapimaje hapa?"

"Hupimi. Nunua filta iliyotajwa kwenye kitabu cha injini. Andika saa za kazi. Zikitimia zilizotajwa kitabuni, badilisha filta pamoja na oili."

Mama aliishika filta kwa mikono miwili. "Kwa hiyo marehemu alikosea?"

"Hakuambiwa, shemeji. Angeambiwa, angefuata."

Mama akaitumbukiza filta kwenye pipa la taka.

Miezi ikapita, filta zikibadilishwa kwa wakati. Fundi alikuja kukagua.

"Beringi ziko vilevile, mama! Hazina hata mkwaruzo."

Mama alimfuata jirani mlangoni kwake. "Injini imepona."

"Najua," alijibu mzee. "Huwa naisikiliza kutwa nzima. Ndiyo sauti pekee inayofika humu ndani."

Mama hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Akavua viatu, akaingia, akaketi.