Maganda Huku, Chupa Kule

Jamani, juisi ya Mama Juisi ilikuwa tamu! Aliiuza dirishani, kwenye chumba cha mbele. Asubuhi mama mkwe wake alimenya mananasi na mapapai, yeye akasaga. Mchana watu walipanga foleni. Dirisha hilo ndilo lililoilisha nyumba nzima.

Lakini wateja walivyoongezeka, maganda nayo yaliongezeka. Yote yalitupwa nyuma ya nyumba, pamoja na chupa, makopo na mifuko. Lundo likapanda. Nzi wakahamia kabisa, kama wapangaji.

Siku moja kinyozi wa jirani, mteja wa zamani, aliinua glasi yake. Nzi akatangulia kunywa. Kinyozi akaiweka glasi chini taratibu.

"Samahani, mama. Leo nimeshiba," akasema, akaondoka.

Kesho yake hakuja. Wenzake pia hawakuja. Mama Juisi akaingiwa na hofu. Dirisha likifungwa, watakula nini?

"Tuchome tu," mumewe akasema.

Wapi! Maganda mabichi hayawaki. Moshi ukatanda mtaa mzima. Jirani mmoja akaja mbio huku anakohoa. Watu walimwita Dada Mkokoteni, kwa sababu yeye na wenzake walikuwa wameanzisha kampuni ndogo ya kukusanya taka.

"Shemeji, unatukausha kama samaki!" alisema. "Moshi wa plastiki ni sumu, unaumiza mapafu. Na taka hizi ni mali."

"Mali? Uozo huu?" mama mkwe akacheka.

"Ndiyo, bibi. Maganda tunayafanya mbolea. Chupa na makopo yanakwenda kiwandani, yanatengenezwa vitu vipya. Ila visichanganywe. Wekeni ndoo mbili zenye mifuniko. Maganda huku, chupa kule."

Wakavaa glavu, wakajifunga vitambaa puani, wakaliondoa lundo pamoja. Ndoo mbili zikawekwa kando ya dirisha. Bibi akapewa kazi ya kuzisimamia.

Siku ya kuchukua taka ilipofika, Dada Mkokoteni alikuta mfuko mmoja mkubwa mlangoni, umefungwa vizuri. Akaufungua. Maganda na chupa, vyote humo humo!

"Nani kachanganya?" akauliza.

"Mimi, mwanangu," bibi akajibu kwa fahari. "Nilikuonea huruma. Mizigo miwili ya nini, na wewe mwembamba hivyo?"

Mama Juisi akashika kichwa. "Mama! Wakikataa kuchukua, tumekwisha!"

Dada Mkokoteni alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Huruma yako nimeipokea, bibi yangu. Lakini chupa zikijaa uozo, kiwandani wanazikataa. Na mbolea yenye plastiki inaharibu shamba. Mizigo miwili hainisumbui, mkokoteni una magurudumu. Kinachonivunja mgongo ni kuinama kuchambua."

Bibi aliona haya. Kisha akachukua glavu.

"Haya, leta huo mfuko. Nimechanganya mwenyewe, nitachambua mwenyewe."

Tangu siku hiyo bibi akawa askari wa ndoo. Hata mwanawe alikemewa kwa kutupa kizibo mahali pasipo pake. Kampuni ilipita kila wiki, na maganda hayakulundikana tena. Nzi wakaondoka bila kuaga. Dirishani pakanukia nanasi.

Kinyozi alikuwa anapita zake. Akanusa, akasimama, akaagiza glasi moja. Akainywa yote mpaka mrija ukalia. Alipomaliza, akafunua ndoo ya karibu na kuutupa mrija juu ya maganda.

"We kinyozi!" sauti ikatoka ndani. "Toa mrija huo! Plastiki kule!"

Kinyozi akaushika haraka kwa vidole viwili, akauhamishia kwenye ndoo ya chupa.

"Bibi yenu mkali," akanong'ona.

"Mkali kwelikweli," Mama Juisi akajibu. Alikuwa anacheka, furaha imemjaa moyoni. "Nikuongeze glasi?"

"Ongeza. Na nyingine za wenzangu, nawaita sasa hivi."