Utando wa Mama Chujio

Kishikio cha sampuli kilikuwa kitupu. Aliyegundua ni fundi wa hadubini ya eksrei, kijana ambaye wenzake walimwita Kimya. Alifungua droo asubuhi atoe kipande cha utando wa kuchujia maji, kidogo kuliko ukucha, asikione.

Inspekta alipofika, mkurugenzi wa maabara alikuwa ameshamtia Kimya hatiani. Droo ilikuwa na ufunguo mmoja, nao ulining'inia shingoni mwa kijana huyo.

"Jana ulitoka nao?"

"Ndiyo, afande."

"Ulimwazima mtu?"

"Hapana."

"Unajua unajikaanga kwa mafuta yako mwenyewe?"

"Ukweli ndio huo, afande. Sina mwingine."

Macho hakuyakwepesha. Inspekta, mama wa makamo aliyezoea kusoma nyuso, hakumtia pingu.

Akamhoji mwenye kazi, mtafiti aliyejulikana kama Mama Chujio. Miaka mingi alikuwa akiutengeneza utando huo, uliopachikwa chembechembe za madini ya fedha za kuua vijidudu. Wodi ya watoto wenye maradhi ya figo, katika hospitali ya jirani, ilikuwa ikiusubiri. Alijibu kwa upole. Kimya ni mtoto mzuri, alisema, labda shetani alimpitia tu.

Upole huo ulimkereketa Inspekta. Mtu ameibiwa jasho lake, na hata hasira hana?

Mtaalamu wa maabara ya polisi akaking'oa kitasa cha droo, akakiweka chini ya hadubini ile ile. Alimweleza Inspekta kwamba metali ikipigwa eksrei hujibu kwa mwanga wake wa pekee, kama mtu anavyotambulika kwa sauti, hata chembe ikiwa ndogo kiasi gani. Kwenye mchubuko mpya wa kitasa hapakuwa na shaba ya ufunguo. Palikuwa na metali nyingine, titani.

Basi droo ilichokolewa. Inspekta akauliza nani hapo ana kifaa cha titani. Vibano vya wote vya kushikia sampuli vilikuwa vya chuma, isipokuwa cha mtu mmoja asiyetaka chuma kichafue sampuli zake.

Mama Chujio alikaa kitini kabla hajaambiwa.

"Kibano chako kiko wapi, mama?"

"Mfukoni."

"Na utando?"

"Kwenye boksi la glavu. Sikuwa na moyo wa kuuharibu."

"Mtu huiba kazi yake mwenyewe?"

Akaeleza yote. Wiki iliyopita alipima maji yaliyochujwa, akakuta madini ya fedha ndani yake. Utando ulikuwa ukimwaga chembe zake, na kipimo cha leo kingemuumbua mbele ya madaktari wa ile hospitali. Tena alikwisha kuwaahidi mama za wale watoto. Mmoja alimshika mkono akalia kwa furaha.

"Niliogopa kuwaambia," alisema. "Nikataka kupata siku chache nirekebishe. Sikudhani wangemshuku mtoto wa watu. Waliponiambia ni yeye, nikaitikia. Hilo ndilo linaloniuma."

Inspekta aliandika maelezo yake, akamjulisha kwamba jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka. Kisha akaagiza utando upimwe, maana sasa ni kielelezo. Mtaalamu akamwomba Kimya aketi naye kwenye mashine.

Picha ilijitokeza polepole. Pembezoni, penye gundi, chembe zilikuwa zimelegea, nyingine zimeng'oka. Katikati zote zilikuwa zimeshika barabara. Kimya akarudia kipimo, jibu likawa lile lile.

"Zinazoachia ni chembe za kwenye gundi tu, mama," alisema. "Utando wako mzima. Tubadilishe namna ya kuubandika."

Mama Chujio aliitazama picha mpaka ikamtia ukungu machoni. Akamwomba kijana radhi, mbele ya mkurugenzi na wote.

"Nimekusamehe," Kimya alijibu. "Ila wale akina mama uwaambie wewe mwenyewe. Leo."

Mama Chujio akavua koti la maabara, akasimama. Walipoingia garini, Inspekta alimwambia dereva aanzie hospitali. Kituoni wangefika baadaye.