Kifungu Kilichoitika

Mama alikuwa bafuni anakamua shuka la tatu pale binti yake mkubwa, fundi wa programu, alipokuja kusimama mlangoni, uso umemshuka.

"Mama, kifungu kimeitika."

"Kifungu gani?"

"Cha maagizo ya ile programu ya bure tunayoiandika kwa kujitolea. Nilikuwa nafagia vifungu vya zamani visivyotumika. Kimoja, cha mistari arobaini, kilikuwa na onyo: usikiite. Nikakiita, yaani nikakiamuru kifanye kazi, nione kama bado kizima."

"Umeambiwa usikiite, ukakiita. Shule zote hizo!"

"Kimeitika kwa mdomo wa Chiriku."

Chiriku, kitindamimba aliyepewa jina hilo kwa kutofunga domo, alikuwa ameketi sebuleni mbele ya kompyuta. Chumba kilinuka waya ulioungua.

"Mwanangu?"

"Labeka," ilijibu sauti ya mzee, neno ambalo nyumba ile hakuna aliyelitumia, na hata walipoacha kumwita labeka ile iliendelea kutoka, kavu, ya mtumwa aliyesubiri miaka, midomo ya mtoto ikiwa imefumbwa na macho yake yakimlilia mama amtoe huko alikofungiwa, huku chini ya meza kitu kikikwaruza sakafu kikijitafutia pa kukaa.

Baba alichungulia kutoka chumbani. "Mke wangu, twende kwa mganga."

"Tangulia." Mlango wa chumbani ukafungwa.

"Kifute," Mama alimnong'oneza binti.

"Nimeshaomba kukifuta, lakini lazima mwenzangu mmoja akubali. Bado wanajadiliana. Mmoja anasema huenda kuna anayekitumia. Mwingine anataka kisubiri toleo lijalo."

"Mwanangu akae hivi mpaka toleo lijalo? Madume mazima yanaogopa mistari arobaini! Huyo mwenzako lazima awe nani?"

"Yeyote aliyeandikishwa. Mimi ndiye ninayeandikisha."

"Niandikishe."

Mama alipangusa povu kwenye gauni, akabonyeza "Nakubali".

"Labeka! Labeka!"

"Hakuna aliyekuita," Mama alisema. "Hapa hatuna kazi yako."

Kifungu kikafutika, na mkwaruzo chini ya meza ukakoma. Chiriku akakohoa mara mbili, kisha akaanza kumsema dada yake kwa sauti yake mwenyewe, bila kuvuta pumzi.

Jioni wale wenzake binti waliandika kuuliza huyo mgeni ana uzoefu gani.

"Waambie niko jikoni."

Akapakua. Mume, aliyetolewa chumbani na harufu ya mchuzi. Mkubwa. Chiriku, anaongea na tonge mdomoni. Na yeye mwenyewe. Wanne.

"Kuleni."