Emérita na Mpiga Ngoma wa Walikale

Mvua ya Walikale haibishi hodi. Siku ile iliangukia soko mchana kweupe, wauzaji wakakimbia kufunika chumvi na samaki wakavu, na Emérita akavuta turubai ya meza yake karibu na sufuria ya maharagi. Mara akatokea kijana mrefu, shati lake la njano limegandamana na mgongo, amekumbatia ngoma kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Dada, nakuomba, ngoma iingie. Mimi nitabaki inje."

"Ubaki inje na hii mvua?"

"Mimi nitakauka. Lakini huyu, ngozi yake ikilowa, atanuna wiki muzima."

Emérita akacheka kabla hajajizuia. Akasogeza kiti, ngoma ikaingia, na mwenyewe akaingia pia. Aliitwa Marcellin, Mnyanga mzaliwa wa palepale, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha mji. Emérita akampakulia viazi na maharagi, juu yake kipande cheupe.

"Na hii sabuni, ni ya kunawa mikono?"

"Ni fromaji, bwana, ya maziwa ya ng'ombe! Kula, usinipatishe haya."

Marcellin akala, akala tena. "Kumbe sabuni yenu inateremuka mupaka ku roho. Unatoka wapi, weye?"

"Goma," Emérita akajibu upesi mno.

Haikuwa kweli. Alizaliwa Kibabi, kwenye vilima vya Masisi, katika familia ya baba yake, mzee Kanyamibwa, iliyolima maharagi pale tangu enzi za babu zao. Risasi ndizo zilizomtoa yeye na shangazi yake Athanasie, wakapita porini hadi Walikale, huku baba akibaki na mashamba. Kwao waliongea Kinyarwanda, na siku hizi za vita lugha hiyo ilitosha kumfanya mtu ashushwe kwenye gari na asipande tena. Kwa hiyo sokoni Emérita aliongea Kiswahili tu. Hata shangazi yake alipoanza kuongea usingizini, alimwamsha.

Kesho yake Marcellin alirudi, mara hii bila mvua, na kifurushi cha majani kikitoa moshi. Ndani mlikuwa na samaki wa mtoni aliyeiva kwa mawese na pilipili, pamoja na lituma, ndizi zilizopondwa hadi zikawa laini kama shavu la mtoto.

"Kwenu munakulaka na majani yake?" Emérita akamtania.

"Majani tunaachia wageni. Fungua kinywa, sheri."

"Nani alikuambia mi ni mupenzi yako?"

"Ngoma njo iliniambia. Ilikaa chini ya turubai yako, ikasikia kila kitu."

Tangu hapo simu haikulala. "Alo, mama fromaji?" "Alo, papa ngoma, umekula?" Jioni Marcellin alimpeleka kwenye mazoezi nyuma ya shule, ambako Wanyanga, Wakumu, Wahunde na Watembo walipokezana uwanja, njuga miguuni, sketi za ukindu zikirushwa huku na huku. Emérita alikaa pembeni katika kitenge chake cha buluu. Mikono yake ilitaka kuinuka, akaikalia.

Siku moja, akimenya viazi, aliimba bila kujua wimbo wa mama yake. Vidole vikaanza kumfuatisha taratibu mezani. Aliinua macho, akamwona Marcellin. Kisu kikamponyoka.

"Hii ni wimbo ya Masisi," Marcellin akasema kwa sauti ya chini. "Ya wale wanachezaka mikono juu, sawa pembe za ng'ombe."

"Ni ya Kibabi, kwenye papa yangu analimaka. Utanisemea?"

"Mimi? Emérita, niangalie. Kikundi yetu iko na kila mutu wa hii eneo, isipokuwa watu wenu. Kuja ucheze na sisi ku siku ya tamaduni."

"Unataka waniue?"

"Nataka wakuone."

"Ni kitu kimoja," akasema. Akaokota kisu chake, akaendelea kumenya.

Wiki iliyofuata milio ilianza kusikika upande wa Masisi, mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Vijana wa mji wakaweka kizuizi darajani. Wageni wakawa wanaulizwa kwao, majina ya baba zao, na neno hili linatamkwaje. Wanawake wawili walioulizwa asubuhi hawakuonekana tena sokoni. Wengine walisema wamekwenda Hombo, wengine walitazama chini tu. Emérita alianza kupita njia ya nyuma, na kila pikipiki ilipopunguza mwendo, alijibanza ukutani.

Halafu Straton akaja mezani kwake. Alikuwa mmoja wa wale wa darajani, panga kiunoni, macho mekundu kwa kukesha.

"Weye njo Emérita? Emérita wa Kibabi?"

Kijiko kikabaki hewani. "Nani... nani alikuambia?"

"Marcellin njo alituambia." Akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akaondoka polepole.

Emérita hakumaliza hata kuuza sufuria. Alimchukua shangazi yake, wakaenda kujificha parokiani, katika chumba walimolala wakimbizi wengine. Simu ikaita, ikaita, ikaita. Mwishowe akaipokea.

"Sheri, uko wapi? Nafika sokoni, meza iko tupu!"

"Ulinitoa, Marcellin. Mi nilikupa chakula, weye ukanitoa."

"Nini? Sikiliza kwanza..."

Akakata. Akaketi ukutani, akiwaza kwamba sasa sauti ileile tamu ya Marcellin ndiyo itakayowaonyesha vijana wa daraja njia ya kuja.

Marcellin alimpata adhuhuri ya siku iliyofuata, nyuma ya jiko la parokia. Emérita akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa kuni.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Juu ya nini uliwaambia jina yangu?"

"Juu walishaanza kuuliza! 'Ule muke wa fromaji ni nani, anatoka wapi, mbona anapita njia ya nyuma?' Mutu mwenye hajulikane njo wanamuogopaka, na mwenye wanamuogopa njo wanamuua. Nikawaambia kabla wajijibie wenyewe: ni Emérita wa Kibabi, binti ya mulimaji, ni wa kikundi yangu, na mwenye anamugusa ananigusa. Straton nilisoma naye. Alikuja kuona kama nilisema kweli."

"Na kama angekataa kukuamini?"

Marcellin akaketi juu ya gogo la kuni.

"Ulibeba maisha yangu mu kinywa yako," Emérita akasema, "na hukuniuliza hata kidogo."

"Sikukuuliza. Niliogopa utakimbia, nitakukosa. Njo kosa yangu. Nisamehe ao usinisamehe, lakini usifikiri nilikuuza."

Alimwamini. Kumsamehe lilikuwa jambo jingine. Alimwambia aende, akaenda bila kubisha.

Shangazi Athanasie, aliyekuwa akisikiliza huku akichambua maharagi, alikohoa. "Sasa wanajua jina yetu. Tukimbie tena? Nyuma ni vita, mbele ni pori. Mi miguu imekwisha, mwanangu. Heri tubaki, watuone."

Siku ya tamaduni ilifika, jua kali, uwanja wa mpira umejaa. Akina mama walipanga vyungu: sombe ya majani ya mihogo yenye mawese, nyama ya nguruwe, lituma, wali, dagaa wa sambaza waliotoka mbali, Shasha, kando ya ziwa. Mwisho wa safu shangazi Athanasie aliweka sufuria ya maharagi na viazi. Kwa muda mrefu hakuna aliyeikaribia.

Ngoma zilipotulia, Emérita akaingia uwanjani peke yake, amevaa kitenge cha buluu na kitambaa cheupe begani. Marcellin alimwona, akasahau kushusha fimbo. Shangazi akaanza kuimba, kwa Kinyarwanda, mbele ya mji mzima.

Watu wakageuziana nyuso. Emérita aliinua mikono juu. Mbele ya macho yake alikuwa Straton, mkono juu ya panga. Akapiga hatua ya kwanza kwa sababu kusimama kulitisha zaidi. Ndipo ngoma ya Marcellin ikaingia chini ya wimbo, pole, kama mtu anayemshika mwenzake mkono gizani. Mama mmoja Mnyanga akapiga makofi. Wakafuata wengine, si wote. Emérita aliwaona wasiopiga, akakariri sura zao moja baada ya nyingine, lakini hakushusha mikono hadi wimbo ukaisha.

Alipotoka, jasho likimdondoka kidevuni, Straton alikuwa kwenye sufuria, sahani mkononi.

"Ongeza maharagi," alimwambia shangazi. Hakutabasamu. Akala akiwa amesimama.

Marcellin akaja, ngoma ikining'inia begani. "Emérita, nataka kukuoa. Leo nauliza weye kwanza."

Akamtazama sana. "Uulize papa yangu."

Siku tatu walimtafuta Kanyamibwa hewani, maana Kibabi mtu hupanda kilima ili apate rezo ya simu. Alipopatikana, upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Emérita akamweleza yote, na kwa hofu akamaliza: "Ni Mnyanga, Papa."

Baba akaagiza: "Mupe telefone."

"Mwiriwe, Papa," Marcellin akasalimu kwa Kinyarwanda, ulimi ukijikwaa.

"Mwiriwe, mwana. Unakula maharagi?"

"Nakula, Papa. Nilizoea."

"Na unaogopaka?"

Marcellin alimtazama Emérita, kisha akatazama barabara ya daraja. Angeweza kujitapa, wachumba wengi hujitapa. "Naogopa, Papa. Kila siku."

"Ni muzuri. Wenye hawakuogopaka tuliwazika huku. Mimi siwezi kupa mutoto wangu mutu mwenye haogope. Sasa sikia..."

Rezo ikakatika. Marcellin alibaki ameshikilia simu sikioni.

"Alisema nini?" Emérita akamvuta shati. "Marcellin, alisema nini?"

"Amesema tuogope pamoja."