Mizani Nane za Mwisho

Jua lilikuwa linazama nilipotoka nyumbani kupeleka shairi kwa mpiga chapa, pale mtaa wa Manyatta, liingie kwenye kijitabu cha mazishi ya mume wangu, Obiero. Nilipitia kwanza kwa jirani, Mwalimu Rosa wa Kiswahili, alikague.

Alihesabu mizani kwa vidole, akinong'ona.

"Nane kwa nane. Vina pia viko sawa, ja na zi. Hili shairi ulilitoa wapi, Mama Winny?"

"Mama mmoja aliileta matangani. Alisema ametoka Kombewa. Alinuka matope ya ziwa."

"Anaitwa nani?"

Sikuwa nimeuliza. Matangani hatumuulizi mgeni anayelia.

Rosa akasoma tena, polepole.

"Hii si huzuni. Sikiza... *Nilipoitwa nikaja, nyumba imebaki wazi.* Huyu haombolezi. Anasubiri."

"Ni Obiero. Anatusubiri mbinguni."

"Na huu mstari wa mwisho?"

*Na mwingine namngoja, Winny mwanangu mpenzi.*

"Hiyo nusu ya pili niliandika mimi, kwa penseli. Yule mama aliacha pengo. Alisema lazima lijazwe na mtu wa nyumba. Mizani nane, isipungue."

Rosa aliiweka karatasi mezani kama kitu cha moto.

"Winny yuko wapi?"

"Nyumbani, na Akinyi dada yangu. Ana homa."

"Tangu lini?"

Tangu siku niliyoandika.

Harufu ya matope ikaingia dirishani.

"Ichome," Rosa akanong'ona.

Niliwasha kiberiti mara tatu. Karatasi ilikuwa imelowa... na mvua haikuwa imenyesha.

Nikachukua kifutio, nikafuta ile nusu yote yenye jina la mtoto wangu.

Nje, mtu akaanza kuhesabu.

"Moja... mbili... tatu..."

Akifika nane, anarudia. Kila mara, karibu zaidi na dirisha.

Nikamwomba Yesu anisamehe. Nikahesabu kwa vidole, nikaandika jina langu mwenyewe: *Aloo mke mpenzi.*

"...saba... nane."

Safari hii hakurudia.

Simu ikalia. Akinyi.

"Homa imeshuka, dada! Anaitisha ugali na omena. Sasa utarudi saa ngapi?"

Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Tulimzika Obiero Jumamosi, bila shairi. Nimeulizia Kombewa yote; hakuna anayemjua yule mama. Karatasi nimeiweka ndani ya Biblia yangu, kwenye Zaburi. Kila asubuhi, kabla ya kusali, naigusa.

Bado haijakauka.